Chupa ya Manukato Katika Nyumba ya Eda



Si mambo makubwa peke yake yanayomfundisha mtu dini yake. Mara nyingi jambo dogo la nyumbani, ambalo mpita njia asingeligeuzia shingo, ndilo limfunualo mtu akajiona alivyo. Sisi tulifunuliwa na chupa moja ya manukato. Chupa hiyo ilitoka Ufaransa, ikapita Maskati, ikafika kwetu Makanyagio, katika mji wa Mpanda, ikawekwa sandukuni ingojee siku yake. Habari yake twaieleza hapa bila ya kujisifu, maana hatuna la kujisifia ndani yake. Twataka tu vijana waliomo majumbani watahadhari na kosa tulilolifanya sisi.

Afikaye Mpanda kwa gari moshi, kwa ile njia itokayo Kaliua, hulakiwa na harufu za mji kabla ya kulakiwa na jamaa zake: vumbi la kiangazi, moshi wa mkaa, samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, na asali ya misitu ya miyombo iletwayo kutoka upande wa Inyonga. Reli hiyo ilijengwa zama za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na marehemu baba yetu aliitumikia miaka mingi. Mama yetu ni mzaliwa wa Ujiji, mji ambao misafara ya pwani iliufikishia udi, ubani na karafuu tangu kale. Kwa hiyo nyumba yetu, ingawa iko mbali na bahari, haikukosa chetezo. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa mama aliifukiza kanzu ya baba, na sisi watoto tulijua kwa pua zetu, bila ya kuitazama kalenda, kwamba kesho ni Ijumaa.

Wala hilo halikuwa jambo la anasa. Mtume wetu (s.a.w.) aliyataja manukato miongoni mwa vitu vya dunia alivyopendezeshewa, wala hakuwa akiyarudisha anapopewa. Mwanamume ameusiwa ajitie manukato siku ya Ijumaa. Mwanamke naye ana haki ya kunukia nyumbani mwake, ila amekatazwa kutoka nje hali amejifukiza ili wanaume wapate kuinusa harufu yake. Ndivyo alivyoishi mama yetu, akinukia ndani ya kuta zake.

Siku moja dada yetu, aliyeolewa Maskati, alimpelekea mama zawadi kwa mkono wa msafiri. Ilikuwa chupa yenye kizibo cha buluu mfano wa upepeo, imeandikwa Shalimar, nayo ni ya nyumba ya Guerlain ya Paris. Dada akatueleza kwa simu kwamba nyumba hiyo ni kongwe. Iliasisiwa mwaka 1828 na Pierre-François-Pascal Guerlain, ikadumu mikononi mwa ukoo wake hata mwaka 1994. Shalimar yenyewe ilitungwa na Jacques Guerlain, ikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1925, na hata leo ingali ikiuzwa.

Baba alipolisikia jina alitabasamu, kwa kuwa alipenda kusoma tarikh. Akatuambia kuwa Shalimar ni jina la bustani za wafalme Waislamu wa Bara Hindi. Moja iko Kashmir, nayo iliasisiwa na Jahangir mwaka 1619. Nyingine iko Lahore, nayo ilianzwa mwaka 1641 katika enzi ya mwanawe, Shah Jahan. Wauza manukato hupenda kulifunganisha jina hilo na mapenzi ya Shah Jahan kwa mkewe Mumtaz Mahal, yule aliyejengewa Taj Mahal baada ya kufa kwake mwaka 1631. Baba akaitwaa chupa, akaitazama mbele ya taa, akamrudishia mama, akasema, "Mama watoto, hii usiifungue leo. Ifungue siku ya Idi, tuinuse sote."

Hakuifikia Idi hiyo. Katikati ya mwezi wa Rajabu baba yetu aliitikia wito wa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mama akaingia edani. Kila msomaji ajua kwamba mjane aliyefiwa na mumewe hukaa miezi minne na siku kumi, isipokuwa mwenye mimba, ambaye eda yake ni mpaka ajifungue. Katika siku hizo hajipambi wala hajitii manukato. Mama aliyashika hayo bila ya kusukumwa. Chetezo kikawekwa juu ya kabati, chupa ikatiwa katika sanduku lake la nguo. Nyumba ikanyamaza harufu yake, nasi ndipo tulipojua kuwa kumbe harufu nayo ilikuwa mmoja wa wakaao nyumbani. Ramadhani ikaja, ikapita. Idi ya Mfunguo Mosi ikatukuta bila ya udi wala marashi.

Hapo ndipo tulipokosa sisi. Jamaa mmoja aliyekuja kuhani alituambia kwamba manukato ya Kizungu yametiwa spiriti, na spiriti ni pombe, na pombe ni najisi. Basi vipi chupa ya namna hiyo ikae katika nyumba inayosomwa Qurani? Sisi, watoto wanaume wa mama huyu, tuliona kwamba sasa ndio wenye kuiangalia nyumba. Tukataka tuonekane tumesimama mahali pa baba. Hatukumwuliza mwanachuoni, wala hatukumwuliza mama. Siku moja, yeye akiwa amelala, tulilifungua sanduku lake, tukaitoa chupa, tukaipeleka sokoni, tukamwuzia mwenye duka. Fedha tulizopata tulinunulia sukari na mchele wa nyumba, tukaona tumefanya wema mara mbili.

Eda ikaisha mwishoni mwa Mfunguo Pili. Mama alioga, akavaa nguo zake, akalifungua sanduku. Tulikuwa barazani tukamsikia akipekua, kisha akanyamaza. Alipotoka hakulia wala hakugomba. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Wanangu, iko wapi?"

Tukamweleza habari ya spiriti. Tulisema maneno mengi, na kila tulipozidi kusema tulijiona tunazidi kuwa wadogo. Alipotusikiliza mpaka mwisho, alisema, "Kama ni haramu, mngeniambia, nami ningeitupa kwa mkono wangu. Mimi sikuyataka manukato kwa ajili ya kunukia. Baba yenu alinipa ahadi ya mwisho, nami nilitaka kuitimiza." Kisha akaingia ndani.

Usiku ule hatukulala. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, tulimwendea shehe wa msikiti wetu, mtu mzima mwenye upole, tukamweleza yote. Tulidhani atatusifu kwa hadhari yetu. Yeye aliuliza swali moja tu: "Chupa ilikuwa mali ya nani?"

Tukasema, "Ya mama. Dada alimpelekea yeye."

Akasema, "Basi sikilizeni, wanangu. Katika jambo la spiriti ya manukato wanavyuoni wamehitilafiana. Wako wasemao ni najisi kama ulevi, na wako wasemao spiriti isiyotengenezwa kwa kunywewa haina hukumu hiyo. Atakaye kujihadhari ajihadhari, na Mungu atamlipa. Walakini kuchukua mali ya mtu bila ya idhini yake hakuna hitilafu, na kumvunja moyo mzazi hakuna hitilafu. Nyinyi mmekimbia jambo lenye hitilafu, mkaingia katika jambo lisilo na hitilafu."

Maneno hayo yalituchoma. Kisha akatukumbusha habari ya Mama wa Waumini Ummu Habiba (r.a.). Alipofiwa na baba yake, baada ya siku tatu aliagiza manukato, akajipaka, ilhali hakuwa na haja nayo, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa mwanamke haombolezi kupita siku tatu, ila kwa mume. "Tazameni," akasema shehe, "manukato yaweza kuwa alama ya utiifu. Mama yenu aliyaacha kwa kutii. Hata alipotaka kuyarudia, zilikuwa zimetimia siku alizowekewa na Mola wake."

Tukaenda mbio sokoni. Mwenye duka alikuwa angali nayo, ila ameifungua ili wanunuzi wajaribu, na upana wa kidole umekwisha pungua. Akataka bei iliyozidi ile aliyotupa. Hatukubishana naye, tukalipa. Tulipomkabidhi mama tukamwomba msamaha, tukamwonyesha pale palipopungua, kwa kuwa hatukutaka kumficha tena lolote. Akaitazama, akasema, "Yaliyopungua yamenukia watu. Yahesabuni sadaka ya baba yenu."

Siku ya Idi ya Mfunguo Tatu, tuliporudi kutoka kuswali, mama alituita chumbani. Alikuwa amekwisha amua la kufanya: nguo yake ya sala hataitia manukato hayo, kwa hadhari, atatia kanga yake ya nyumbani na mto wa kulalia. Akafungua kizibo. Kwanza ilitoka harufu kali ya limau, ikatukereketa pua, nasi tukatazamana. Mama akasema, "Subirini." Baada ya kitambo ukali ukaondoka, ikaja harufu nyingine, nzito, yenye joto na utamu, kama jiko la mtu apikaye vya Idi, kama nguo zilizokaa na ubani mwaka mzima. Mama akafumba macho. "Hii ni lavani," akasema. "Hili ni sanduku la bibi yangu, Ujiji."

Tulidhani ni huzuni inayomsemesha, kwani kitu cha Paris kina nini na sanduku la Ujiji? Baadaye tuliposoma juu ya mambo hayo tuliona kuwa mama hakukosea. Limau lile ni tunda la jamii ya machungwa lilimwalo Italia. Utamu ni lavani, na lavani nyingi ya dunia hutoka Bukini. Hata kwetu Kagera na kwa jirani zetu wa Uganda hulimwa. Humo mna pia utomvu wa miti ya jamii ya manemane, iotayo katika nchi kavu ya Wasomali. Manukato mengine ya Kifaransa hupata utamu wake kwa maua ya langilangi ya visiwa vya Komoro. Ni kweli, nguvu ya lavani iliyomo katika Shalimar hutoka pia katika maabara, kwani tangu mwaka 1874 wataalamu wamejua kuitengeneza harufu hiyo kwa kemia. Lakini hata harufu hiyo ya maabara ni mwigo wa tunda.

Na tunda hilo lina habari yake. Mlavani asili yake ni Mexico, na ulipopandwa katika visiwa vya bahari yetu ulistawi bila ya kuzaa, kwa kuwa ua lake hufunguka siku moja tu na halikupata mdudu wa kulichavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, aitwaye Edmond, alionyesha namna ya kulichavusha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Njia yake ndiyo itumikayo hata leo. Alipoachwa huru mwaka 1848 akapewa jina la Albius, na mwaka 1880 akafa maskini. Matajiri walistarehe kwa kidole chake, naye hakupata kitu. Tangu tulipoyajua hayo, kila mama anapoifungua chupa tunamkumbuka kijana yule. Harufu njema ina jasho la mtu ndani yake, na mwenye kuinusa ana haki ya kumshukuru Mungu pamoja na wale walioichuma.

Vijana wenzetu, haya ndiyo tuliyotaka kuyasema. Ukisikia neno la haramu na halali, usikimbilie kuwahukumu waliokulea. Kimbilia kwa wenye elimu, ukaulize kwa adabu. Na hadhari yako ianze katika mali yako na nafsi yako, kabla ya kuliingilia sanduku la mama yako. Mzazi aliyefiwa hana vingi vilivyombakia. Huenda kile kinachoonekana kwako kuwa chupa, kwake ni ahadi.

Chetezo kimeshuka kutoka juu ya kabati. Usiku wa kuamkia Ijumaa udi unafukizwa tena, sasa kwa kanzu zetu sisi, na chupa yenye kizibo cha buluu iko mahali pake sandukuni. Inapungua pole pole, wala hatuulizi imebaki kiasi gani.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wazee wote waliotangulia, awape subira wajane walioko edani, na atujalie sisi watoto adabu pamoja na elimu. Amin.