Chai iliyopingana na dawa

Binti wa kidato cha kwanza alimletea mama yake daftari la Kiingereza huku amenuna. Mwalimu alikuwa amewapa neno "counteract" watungie sentensi. Yeye alikuta kwenye kamusi kuwa maana yake ni kupinga, akaandika: "I counteract against my brother." Ikarudi na alama ya kosa.

Mama, aliyeishia darasa la saba, hakuona kosa lolote. Akamwita mdogo wake, muuguzi, aliyekuwa amewatembelea.

"Makosa ni mawili, mjomba," alimwambia binti. "Neno hili halifuatwi na 'against', maana upinzani umo humohumo ndani yake. La pili, halitumiki kwa mtu. Kaka yako utabishana naye tu. Hili ni la athari: kitu kimoja kinafanya kazi, kingine kinakuja kuipunguza au kuifuta."

Binti bado hakuelewa. Mjomba alipogeuka, alimwona mpwa wake mdogo akimeza tembe ya kuongeza damu kwa chai ya rangi.

"Dada, kila siku anameza na chai?"

"Sasa anywee nini, na yeye haipendi ile ladha?"

"Majani ya chai yana tanini. Inayakamata madini ya chuma tumboni, mwili unaambulia kidogo. Wewe unajenga, chai inabomoa. Mpe na maji, au juisi ya chungwa, hiyo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai aisubiri saa moja au mbili. Hata akila maharage na mchicha, fanya hivyohivyo."

Mama alinyamaza. Mwezi mzima alikuwa akimgombeza mtoto kwamba anatema dawa kwa siri, kwa kuwa kliniki waliposema damu haijapanda vya kutosha, hakuona sababu nyingine.

Binti alifuta sentensi yake, akaandika: "Tea can counteract iron tablets." Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

Asubuhi mama alikamua machungwa mawili, akamwita mwanawe. "Nisamehe, baba. Hukuwa unatema."

Mzazi, dawa ya mtoto isipofanya kazi, usianze na lawama. Muulize mhudumu wa afya inamezwa na nini, na wakati gani.