Mwamba na Mteremko

Mtu akitaka kusifu kitu kisichotikisika hukifananisha na mwamba. Sifa hiyo ni ya haki kwa jiwe moja, lakini mlima ni matabaka mengi yaliyokatwa kwa nyufa, na nguvu zake hupimwa mahali palipo dhaifu.

Mambo manne huamua kama mteremko utasimama au utaanguka: ugumu wa jiwe lenyewe, wingi wa nyufa zake, upande ambao matabaka yameinamia, na maji yaliyomo ndani. Matabaka yakiinama kuingia mlimani, ni shida kuteleza; yakiinama kuelekea bondeni, uzito wao wenyewe huyavuta chini. Maji nayo yakijaa katika nyufa huuinua mwamba kidogo, na msuguano uliokuwa ukiushika hupungua.

Ushahidi wa maneno haya uko katika bonde la Vajont, Italia, ambako lilijengwa bwawa lenye ukuta wa kimo cha mita 260 hivi. Kando yake ulisimama mlima Toc, wa mawe ya chokaa. Chokaa ile ilikuwa ngumu, lakini katikati ya matabaka yake mlikuwa na udongo wa mfinyanzi, mwembamba na wenye utelezi, na matabaka yaliinamia bwawani. Mwaka 1960 ufa mrefu ulifunguka mlimani. Maji ya bwawa yalipandishwa na kushushwa, na kila yalipopanda mlima ulitambaa. Usiku wa 9 Oktoba 1963 mita za ujazo zaidi ya milioni 250 ziliporomoka kwa mara moja. Wimbi liliruka juu ya ukuta likaufuta mji wa Longarone, na watu wapatao 2,000 walikufa. Ukuta wa bwawa ulibaki umesimama: kazi ya mwanadamu ilistahimili, mlima haukustahimili.

Tanzania nayo ililipa karo ya somo hilo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya miamba laini ya mlima Hanang, ambao ni wa volkeno, ililewa maji ikameguka, ikawa tope lililobeba mawe na miti hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mlima hauzibiki kwa mkono wa mtu. Lililo katika uwezo wake ni kuusoma kabla ya kujenga chini yake, na kuhama unapoanza kupanuka.