Meno 25

Kariakoo nilifundishwa redio kaseti. Nililehemu, nilibadili mikanda iliyolegea, na kapasita iliyoungua niliijua kwa harufu kabla sijafungua kifuniko. Habari za ndege sikuwa nazo, mpaka mzee mmoja, mhandisi mstaafu, alipoweka mezani kwangu ndege ya ubao wa balsa yenye mabawa ya mita moja na nusu.

"Fundi, mkia wake unatetemeka kama mgonjwa wa malaria."

"Niachie mpaka jioni, mzee wangu."

Ndani ya kile kidude kinachousogeza mkia, wanachokiita sevo, nilikuta mota ndogo, gia zilizopangana, na ndugu wa damu wa kitufe cha sauti cha redio, kile kinachokwaruza kikiingia vumbi. Kazi yake ni kuieleza sakiti mkono wa sevo umefika wapi. Risiva, inayopokea amri za rimoti, hutuma mapigo kama 50 kwa sekunde, na pigo la milisekunde 1.5 maana yake ni "kaa katikati". Nikamsafisha ndugu huyo kwa spiriti, mkia ukatulia. Tangu siku hiyo wenzake mzee wakakijua kibanda changu.

Wakaanza kuniuliza wanunue sevo ipi. Nami, kwa ujuzi wangu wote, nilikuwa nasoma boksi tu: yenye namba kubwa ndiyo bora. Siku moja nikaning'iniza pakiti ya sukari ya kilo 1 kwenye sevo ya gramu 9 iliyoandikwa kilo 1.8 kwa sentimita. Kwenye tundu la mkono lililo sentimita 1 kutoka kwenye shafti iliinua, huku ikilalamika. Nikasogeza kamba hadi sentimita 2, ikagoma na kuanza kupata moto. Ni kama kubeba ndoo: karibu na mwili unaiweza, ukinyoosha mkono inakushinda. Tena namba ya boksi ni ya pale sevo inapokwama kabisa. Mimi hutegemea nusu yake. Ndege ya mzee sevo ya kawaida ya gramu 37, kilo 3.2 kwa volti 4.8, iliitosha na chenji ikabaki.

Kosa langu kubwa halikuhusu nguvu hata kidogo. Mkono wa sevo ya eleveta, ule ubao wa mkia unaoinua na kushusha pua, ulivunjika, na droo yangu ilikuwa na mkono wa kampuni nyingine. Shafti za Futaba huwa na meno 25, za Hitec 24, za JR 23. Sikulijua hilo. Nikaulazimisha mkono wa 24 kwenye shafti ya 25, nikakaza skrubu, ukashika. Nikajipongeza. Kigamboni, ndege iliporuka mara ya tatu, mkono ukazunguka bure, pua ikaja chini mpaka mchangani. Mzee hakunitolea neno. Aliokota vipande vya balsa kimoja kimoja akavitia kwenye mfuko wa rambo. Nilimjengea nyingine kwa miezi miwili bila kudai senti, na bado naona haikutosha.

Siku hizi kijana akiniletea sevo, naiwasha, naushika mkono wa sevo kwa vidole viwili na kuutikisa. Ikiwa na plei, yaani ikichezacheza, namba ya boksi sina haja nayo. Plei ndogo ya mezani ndiyo inayolifanya bawa lipigepige ndege ikishika kasi. Vijana hupenda gia za chuma. Zinavumilia kishindo, kweli, lakini zikilika huwa na plei kuliko plastiki mpya. Sevo za dijitali hushika imara na kula betri. Kama umeme wa risiva ni dhaifu, nne zikivuta pamoja risiva inaweza kuzima angani.

Ukinunua sevo, mikono inayokuja ndani ya boksi usiitupe, wala usiichanganye. Yangu imo kwenye makopo matatu ya maziwa ya unga, yameandikwa 23, 24 na 25.