Jiwe Nalo Linapumua

Kuchonga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili huanza pale unapoweka tindo chini, na hapo ndipo vijana wengi tunaochonga huishiwa subira.

Nilichonga mtungi wa marumaru wa kuweka kwenye kaburi la bibi yangu huko Chome, chini ya kilele cha Shengena. Baba mdogo alishangaa: "Kwa nini usitumie jasi? Si iko tele hapo Makanya, tena laini?" Nikamweleza kwamba jasi huyeyuka kidogo kidogo majini, masika ya Chome yangeifuta sura yake.

Marumaru ni ndugu wa chokaa. Huvumilia zaidi, ila asidi ni adui yake. Idondoshee ndimu uone povu! Hata maji ya mvua yana asidi kidogo, maana hubeba hewa ukaa. Ndiyo sababu mng'ao wa kioo haudumu nje. Nilipiga msasa kwa maji, namba 60, 120, 220, nikaishia 400. Mtungi ukawa laini bila kumetameta.

Ugomvi ukaja kwenye vanishi. Baba mdogo alitaka ung'ae kama sakafu ya benki, "watu wajue mama yetu alithaminiwa." Neno hilo lilinichoma, maana na mimi nilitaka hivyo hivyo. Lakini vanishi huziba vinyweleo vya jiwe. Unyevu ulioingia hukosa njia ya kutokea, mwishowe uso wa jiwe hubanduka.

Nikamwuliza: "Baba, ndiva isiyo na tundu la kutolea maji, mwisho wake nini?"

Akacheka. Mpare haulizwi hilo mara mbili. "Ukuta unapasuka, mwanangu."

Basi vanishi ikarudi dukani. Nikatoboa tundu chini ubavuni, mvua isituame ndani. Tukauweka mtungi juu ya zege, katikati tukatandika nailoni nzito kuzuia unyevu wa ardhini.

Kule juu ukijani huota haraka. Kule Same mjini adui angekuwa vumbi. Dawa ni moja: maji matupu na brashi laini. Siki, dawa ya choo na brashi ya waya, marufuku.

Siku hizi kila Desemba, ukoo ukipanda milimani, wajukuu hugombania ile brashi. Baba mdogo ndiye anayechota maji.