Dhiraa Saba

Ndugu Waislamu, leo sitaki kusema juu ya udhu wala mirathi. Nataka kusema juu ya gari na mahali linapoachwa. Najua wako watakaocheka, waseme sheikh kazeeka, vitabu vimemwishia, sasa aingilia kazi ya askari wa barabarani. Na wacheke. Mimi mwenyewe nilidhani si jambo la kusomesha, mpaka lilipotufika la kutufika.

Nakaa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, baraza mbele, na waliozijenga katika karne ya 19 waliziachia njia za kupita mtu na mzigo wake kichwani, na punda, na jeneza mabegani mwa watu. Gari hawakulijua. Lakini tangu lami ilipotuunganisha na Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi, kisha ikaendelea hadi Msata, mji umekuwa wa kwenda na kurudi. Mtu wa Tegeta au Bunju huja kula chakula cha mchana kwa shangazi yake, na kabla ya Magharibi yuko kwake. Hilo ni jema, maana kuunga udugu kumekuwa kwepesi. Ila kila mgeni huja na gari lake, na hutaka lilale pale pale mlangoni, kama mbuzi wake.

Mwaka 2017 niliozesha binti yangu. Wageni wakaja na magari sita, na aliyeyaingiza kichochoroni ni mimi. Nilisimama na kanzu yangu na bakora mkononi, nikisema, "Njoo, njoo, kata kidogo, bado nafasi." Nilijiona mwenyeji mwema.

Yapata saa nne usiku, pilau imekwisha pakuliwa, binti wa jirani yangu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Bajaji ikaitwa, ikaja, ikakwama kwenye gari la kwanza. Mwenye gari hilo alikuwa amekwenda kupunga upepo pwani, funguo mfukoni. Vijana wanne wakamlaza yule binti juu ya kitanda cha kamba, wakamtoa ubavu ubavu baina ya ukuta na magari, hata barabara kubwa. Miguu ya kitanda ikawa inakwaruza, na mmoja katika wageni wangu akapiga kelele kwamba rangi ya gari lake yaharibiwa. Wallahi, neno lile bado ninalo masikioni.

Mtoto alizaliwa mzima, alhamdulillahi. Mamake alipoteza damu nyingi, akakaa wiki tatu hawezi kusimama sawasawa. Asubuhi ya pili jirani yangu, mama yake yule binti, alinirudishia sinia letu la pilau, limeoshwa linameta. Nikataka kusema, nikakosa neno. Yeye akaniambia tu, "Mwalimu, shughuli ni shughuli." Lau angalinitukana ningalipata nafuu.

Sasa nyote mwajua tunavyosomesha chuoni: haki ya Mwenyezi Mungu mja huitubia kwa Mola wake, ama haki ya mwanadamu haiondoki mpaka mwenyewe aridhike. Nimesomesha hivyo zaidi ya miaka thelathini. Baada ya Alasiri nikaenda kuomba radhi. Bibi yule akasema, "Mimi nimekusamehe, Mwalimu. Lakini aliyebebwa si mimi." Nikapiga hodi chumbani kwa binti, akageukia ukutani, hakunijibu. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu ndipo aliposema yamekwisha.

Usiku ule nilifungua vitabu, nikaona aibu, maana mambo yamo na nilikuwa nikiyapita mbio. Imo hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba watu wakigombana juu ya njia, Mtume (S.A.W.) aliamua ifanywe dhiraa saba. Wanavyuoni waliifafanua, wakasema kipimo hicho ni kwa ajili ya mizigo kupita na kupishana, na watu wapate mahali pa kuweka vitu milangoni mwao. Kesho yake nikatoka na wanafunzi wangu na kamba. Dhiraa ni toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, karibu nusu mita. Tukapima kichochoro chetu: dhiraa sita na kitu. Gari dogo peke yake lachukua dhiraa nne, nalo haligusi ukuta, basi zabaki mbili. Bajaji yataka tatu. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na sheikh mzima hakuipiga.

Na hapo sijataja gari la zimamoto. Nyumba nyingi jirani zetu zina paa za makuti, na moto wa makuti hauna subira. Namba ya zimamoto ni 114, iandikeni ukutani. Lakini yafaa nini kuita gari lisiloweza kuingia?

Wengine hunijibu, "Sheikh, njia ni ya wote." Naam, na kwa kuwa ni ya wote, si yako kulaza gari. Yuko anayeweka jiwe au tairi bovu mbele ya nyumba ili mwingine asiegeshe. Huyo amenyakua kisicho chake mchana kweupe. Yuko anayepandisha gurudumu juu ya baraza, na baraza ya chokaa ikipasuka mvua za masika huingia msingini. Yuko wa bodaboda aachaye pikipiki pale watoto wachezapo, na bomba lake lina moto. Nimewaona watoto wawili chuoni kwangu wenye kovu moja mahali pamoja mguuni. Na yuko, Mungu atusamehe, anayekimbilia swala ya Ijumaa, akafunga mlango wa mgonjwa kwa gari lake ili aiwahi safu ya mbele.

Ndugu zetu wa Kariakoo hulipa ushuru wa maegesho, na ushuru humfanya mtu akumbuke alipoacha gari lake. Sisi kwetu ni bure, kwa hiyo twasahau. Ukilazimika kusimama kichochoroni kushusha mzigo au mzee, shusha, kisha liondoe. Andika namba yako ya simu, uiweke kiooni. Ufunguo muachie mtu wa nyumba, usiende nao pwani. Na usimwite mwenyeji kwa honi, hodi ipo.

Mfungo Sita ujao tuna maulidi chuoni, insha Allah, na wageni wote wanakaribishwa. Magari yatabaki uwanjani nje ya mtaa. Vijana wangu watakuwapo na taa tangu baada ya Magharibi, wapokee mizigo na kuwashika mkono wazee. Ni mwendo wa dakika tano.