Mbavu za Sikukuu ya Wafanyakazi

Hapana chakula kinachofichua tabia za watu kama nyama ya kuchoma. Ugali huliwa kwa utulivu, na wali una adabu zake. Lakini moshi wa nyama ukishapanda, ndipo utakapojua nani mkubwa wa mahali pale, nani amealikwa, nani amesahauliwa, na nani atabaki kuosha vyombo. Kwa hiyo mtu akitaka kuijua nchi ya kigeni, pamoja na kutazama majumba yake ya makumbusho na viwanda vyake, na aende pia pale wananchi wake wanapochoma nyama.

Mimi nilipata nafasi hiyo mwaka 2023, nilipokwenda Kanada kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Dada ameishi Hamilton miaka mingi, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma, na jirani yake, ukingoni mwa Ziwa Ontario, uko mji mdogo zaidi uitwao Burlington. Huko, tangu mwaka 1996, chama cha Rotary kimekuwa kikiandaa tamasha la mbavu za kuchoma. Tamasha huanza Ijumaa na kwisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo ndiyo Sikukuu ya Wafanyakazi katika Kanada na Marekani, na ndiyo dalili kwamba majira ya joto yanakwisha na watoto wanarudi shuleni. Fedha inayopatikana hupelekwa katika shughuli za hisani.

“Jumapili twende tukale mbavu, mdogo wangu,” dada aliniambia. “Ndiyo siku pekee niliyopewa.”

Maneno hayo ya mwisho nitayarudia baadaye.

Bustani ya Spencer Smith, linakofanyika tamasha, imenyooka kando ya maji. Kabla hatujafika tulianza kusikia harufu: moshi wa kuni, sukari inayoungua, mafuta ya nguruwe. Malangoni walisimama watu wa kujitolea, wengi wao wenye mvi, wakiwa na visanduku vya michango. Ndani, vibanda vya wachomaji vilipangwa safu, na kila kibanda kilikuwa kimeinua ubao mrefu kupita nyumba, uliochorwa ndimi za moto, nguruwe wanaocheka, na orodha ya ushindi: wa kwanza kwa mbavu mwaka huu, wa kwanza kwa mchuzi mwaka ule. Mbele ya kibanda vikombe vya ushindi vilipangwa mezani kama askari katika gwaride. Karibu kila kibanda kilidai kuwa cha kwanza, na vijana wa kuita wateja walipaza sauti bila haya. Wachuuzi wa Kariakoo wasingejiona wageni mahali pale.

“Usisome ubao,” dada aliniasa. “Tazama foleni.” Tukaingia katika foleni iliyokuwa ndefu kuliko zote, tukasimama katikati ya watu wa kila rangi: baba aliyembeba mtoto mabegani, vijana wa Kihindi waliovaa fulana za timu ya mpira wa magongo, bibi kizee katika kiti cha magurudumu akisukumwa na mjukuu wake. Bei ya safu moja nzima ya mbavu ilizidi ujira wa saa moja wa dada yangu. Alizihesabu noti zake mara mbili, akalipa, na akanikataza nisitie mkono mfukoni.

Ni lazima niseme wazi kwamba mwenye sikukuu hii ni nguruwe. Kuku wapo, lakini huchomwa kwa moto ule ule. Tulikuwa tumefuatana na mwenzake dada kazini, mama wa Kisomali, ambaye hali nguruwe wala nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake. Yeye alinunua mahindi na maji ya ndimu, akatandika mkeka chini ya mti, akatulindia nafasi. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hali, wala yeye hakutukunjia uso. Alikuja kwa ajili ya kuketi na wenzake, na hilo lilimtosha.

Sasa nieleze mapishi yenyewe, maana yana somo. Sisi tumezoea nyama ya chumvi na makaa: moto mkali, kachumbari na pilipili pembeni, na mteja anayeuliza kila baada ya dakika tano kama imeiva. Kwa mbavu za aina hii, ambazo asili yake ni Marekani ya Kusini, haraka ni adui. Ubavu ni nyama ya misuli inayofanya kazi kila mnyama anapovuta pumzi. Una nyuzi ngumu, na ukiuchoma kwa pupa utautafuna kama soli ya kiatu. Kwa hiyo mchomaji huondoa kwanza utando mwembamba ulio upande wa mfupa. Kisha huipaka nyama chumvi, sukari, pilipili na viungo, akaiweka ndani ya tanuri la moshi, mbali na ndimi za moto, katika joto la kiasi cha nyuzi 110 za Sentigredi. Kuni zake ni za miti migumu: mwaloni, mtofaa, au mti wa kwao uitwao hickory. Humo mbavu hukaa saa nne, tano, hata sita. Polepole zile nyuzi ngumu huyeyuka zikawa ute, na nyama huanza kuachana na mfupa. Mwishoni, mbele ya macho ya wateja, hupakwa mchuzi mzito wa nyanya, siki na molasi, ikarudishwa juu ya moto wazi kwa dakika chache mpaka ing'ae.

Ufundi huu haukuzaliwa katika bustani za starehe. Neno lenyewe, barbecue, limetokana na barbacoa, neno ambalo Wahispania walilikuta kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, na maana yake ni uchanja wa miti. Huko Marekani ya Kusini, waliochimba mashimo ya moto na kukesha wakigeuza nyama za karamu za mabwana walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waafrika waliotiwa utumwani. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, ufundi ulibaki mikononi mwao, na baadhi yao wakaufanya kuwa kazi ya kujitegemea.

Mmoja wa watu hao ni Henry Perry, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis. Mwaka 1907 alihamia Kansas City, na muda mfupi baadaye akaanza kuwauzia nyama za moshi, katika kichochoro, wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Safu ya mbavu aliiuza senti 25, akaifunga katika karatasi za gazeti. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu wenye viwanda vya nyama hawakuzithamini mbavu. Zilikuwa na mifupa mingi, nyama kidogo, na zilikuwa zikiharibika upesi. Kile kilichohesabiwa kuwa mabaki ndicho alichokijengea jina. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni sita walihama Kusini kwenda miji ya Kaskazini na Magharibi kutafuta kazi na usalama, na walikwenda na mapishi yao.

Mashindano nayo yana visa vyake. Mwaka 1982 mwandishi wa makala katika gazeti moja la Chicago, Mike Royko, alijigamba gazetini kwamba hapana anayemshinda kuchoma mbavu. Wasomaji wakaja juu. Yakaitishwa mashindano katika bustani ya Grant Park, wakajitokeza wachomaji wapatao 400, na mshindi akawa Charlie Robinson, aliyetumia mapishi ya babu yake kutoka Mississippi. Baadaye alifungua mkahawa wake mwenyewe. Sisi waandishi tuna la kujifunza hapo kabla ya kujisifu mbele ya wasomaji.

Nilipokuwa nangojea chakula, nilimtazama kijana mmoja aliyekuwa akigeuza safu za mbavu kwa koleo refu. Uso ulikuwa umemwiva kwa joto, na jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Nilipomwuliza amesimama hapo tangu saa ngapi, alicheka akasema, tangu alfajiri. Na kwamba tangu mwezi Mei walikuwa wakihama mji hadi mji, wakiufuata mfululizo wa matamasha kama haya. “Umekula?” dada alimwuliza. “Harufu imenishibisha,” akajibu, akarudi kwenye moto wake.

Hapo nilianza kuifikiri siku yenyewe. Sikukuu ya Wafanyakazi ya Kanada haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1872 wapigachapa wa magazeti ya Toronto waligoma wakidai kufanya kazi saa tisa kwa siku. Tarehe 15 Aprili mwaka huo waliandamana, na umati uliowaunga mkono ukafikia watu kiasi cha elfu kumi. Viongozi wao 24 walishtakiwa kwa kula njama, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilikuwa bado hakitambuliwi na sheria. Lakini mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuvihalalisha vyama hivyo, na mwaka 1894 Jumatatu ya kwanza ya Septemba ikatangazwa kuwa sikukuu ya taifa. Maelfu ya watu tuliokuwa tukiramba vidole kando ya ziwa tulikuwa tukila, kwa namna fulani, tunda la mgomo wa watu waliopanga herufi za magazeti.

Je, nani hula tunda hilo? Jumatatu, siku ya sikukuu yenyewe, dada aliamka saa kumi alfajiri. Wazee hawana sikukuu. Wanahitaji kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani siku zote za mwaka. Sheria ya huko inataka anayefanya kazi siku kama hiyo alipwe nyongeza au apewe siku nyingine ya kupumzika, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo nilipomwona akifunga kamba za viatu gizani, nilielewa kwa nini alikuwa amesema Jumapili ndiyo siku pekee aliyopewa. Katika mkoba wake alitia mbavu zilizosalia, amezifunga vizuri. “Ni za wale wa zamu ya usiku,” alisema. “Hawakuweza kuja.”

Ndugu msomaji, ziko familia nyingi za kwetu zinazoamini kwamba ndugu aliyeko ng'ambo anakula nyama kila siku kivulini. Barua na simu zetu mara nyingi huanza na salamu na kwisha na ombi. Kabla ya kuomba, na tuulize ameamka saa ngapi, na mara ya mwisho aliketi lini na watu akala bila kutazama saa. Ombi lenyewe huenda likabaki pale pale, lakini litatoka katika kinywa kinachomjua anayeombwa.

Liko na jambo la pili, nalo linatuhusu sisi tulio nyumbani. Pale Burlington niliona jinsi safu ya mbavu ilivyowekwa katikati ya mkeka au meza, na baba, mama na watoto wakaikabili pamoja kwa mikono, nyuso zao zimepakaa mchuzi. Kwetu mijini, nyama ya kuchoma imekuwa mara nyingi chakula cha wanaume na cha jioni. Mshahara ukitoka, baba huketi baa na wenzake, sahani ya mbavu za mbuzi mbele yao. Nyumbani mama anagawa mchicha kwa uangalifu, na watoto wanaijua nyama ya baba kwa harufu iliyobaki katika shati lake. Sisemi mtu asikae na marafiki. Nasema mshahara ule haukuchumwa na mikono miwili tu. Yupo aliyeamka kuwasha jiko, yupo aliyefua sare, yupo mtoto aliyebeba maji ili baba asichelewe kazini.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika nyumba ya mfanyakazi wachumao juani ni wengi, na kivuli kinawatosha wote. Basi Jumapili moja ya mwezi, mwenye uwezo anunue kilo mbili za mbavu za mbuzi badala ya kuzila nusu nusu huko nje. Azipake chumvi na ndimu tangu asubuhi, awashe mkaa uani, aziweke pembeni mwa moto na kuzingojea ziive bila pupa, huku watoto wakiuliza maswali yao yote. Mama siku hiyo aketi. Na vyombo, wakati nyama imekwisha, avioshe yule aliyezoea kuletewa sahani.