Fahali Wawili

Muhula uliopita darasa letu lilifanya mjadala juu ya Kongo. Tarehe 5 Septemba 1960, miezi miwili tu baada ya uhuru, Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Usiku ule ule Lumumba naye akaenda redioni, akasema Kasavubu si rais tena.

Mimi nilimtetea Lumumba. Rafiki yangu, ambaye vitanda vyetu vimepakana bwenini, alimtetea Kasavubu. Nilipoona nashindwa, nilimwita kibaraka. Wenzetu walicheka. Yeye hakujibu neno, na kwa wiki mbili hatukusemezana.

Usiku mmoja nilifungua daftari kusoma mwisho wa habari ile. Urusi ilikuwa imempelekea Lumumba ndege na magari. Marekani ikawa upande wa wapinzani wake. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa huko Katanga. Nikaona haya, kwa maana mimi pia niliacha hoja nikashika tusi.

Asubuhi nilimwomba rafiki yangu msamaha. Akasema, “Nimekusamehe, lakini juu ya Kasavubu bado umekosea.” Tukacheka sana.

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini sisi bweni letu ni moja, hatuna pa kwenda. Basi tubishane, ila tusimwite mgeni mwenye bunduki aje kutuamulia.